Nilivyomwezekea Bi Kulthum

Jumatano, 14 Mei
Tumefika kisiwani. Nimetapika njia nzima. Joram, karani wa kutoka bara asiyejua hata kuogelea, alinishikia ndoo huku akiimba. Kujipendekeza tu! Anajua, kama nijuavyo mimi, kwamba Raiya anaolewa Mombasa na kiti chake cha uenyekiti wa kikundi chetu cha kujitolea kinabaki wazi. Kura ni Jumapili, tukirudi Malindi. Atakayeonekana amewafaa watu hawa waliopigwa na kimbunga, ndiye.

Mimi nimejiandaa. Nimekuja na fulana za msaada, zimeandikwa AZIM ANAJALI kifuani. Na godoro langu. Mgongo wangu haupatani na mikeka.

Alhamisi, 15 Mei
Fulana zimepokewa kwa shukrani. Zinapangusiwa matope madrasani. Jina langu limelala kifudifudi, lakini limefika kila chumba.

Humo madrasani ndimo anamolala Bi Kulthum na wajukuu zake tangu kimbunga kiondoke na paa lake. Anataka kitu kimoja tu: alale kwake kabla mvua hazijakolea. Nikampa shikamoo ya nguvu, Raiya asikie, nikamwambia mimi ni fundi wa kuezeka makuti. Uongo? Nyumba ya babu yangu ni ya makuti, nimelala chini yake tangu nizaliwe. Huo si ujuzi? Bi Kulthum akaniombea dua ndefu, akanipakulia samaki mkubwa kuliko wa Joram. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 16 Mei
Baada ya swala nikapanda. Joram akashauri tuwaulize wenyeji kwanza. Mtu wa bara anifundishe mimi makuti! Nikamtuma akalete maji.

Nikaanzia kileleni nikishuka. Raiya alikuwa chini na simu yake anapiga picha, na mtu aliyeinama upenuni nani atampigia kura? Safu ya pili nikailaza juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, hivyo hivyo hadi chini. Jirani mmoja akapita, akasema makuti huanzia upenuni kwenda juu, ili la juu lifunike la chini na maji yateleze. Nikamjibu huu ni mtindo wa Malindi. Akasema yeye Malindi hajafika, akaenda zake.

Jioni Bi Kulthum akahamia kwake kwa vigelegele. Picha zimetoka safi sana.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua! Tangu alfajiri. Kila safu yangu imekuwa mfereji wa kumwaga maji ndani. Nilimkuta Bi Kulthum mlangoni, wajukuu wametota, godoro lake linachuruzika. Hakupiga kelele. Alisema kimbunga kiliondoka na paa lote, kwa hiyo alijua hana paa. Mimi nimemwachia paa la kumdanganya. Kisha akawashika wajukuu mikono, wakarudi madrasani.

Niliona haya. Kwa kweli niliona haya hata chai ikanishinda. Nimeinywa baadaye.

Mvua ilipokatika mtaa mzima ukatoka. Wakabomoa, wakaezeka upya kuanzia upenuni, Joram akiwapokeza makuti na kuwauliza maswali yasiyokwisha, nao wanamjibu kwa raha. Nilipogusa ngazi, Raiya aliniomba nikapumzike. Godoro langu wamempelekea Bi Kulthum. Wameniarifu likiwa limeshafika.

Jumapili, 18 Mei
Malindi. Joram ameshinda! Kapata kura zote ila moja, na huyo mmoja sijutii alivyopiga. Fitina tupu. Mvua ingechelewa siku mbili tu, leo hii mimi ni mwenyekiti na paa lile halina kasoro hata moja.

Nimejitoa. Nimeanzisha kikundi changu. Uchaguzi umefanyika baada ya chakula cha mchana, nami nimepita bila kupingwa. Halafu nikasikia maji yamesomba kidaraja cha miguu huko Kakuyuni, na watoto hawavuki kwenda shule. Nimewapigia simu wazee wa huko papo hapo. Nimewaambia wasihangaike kumtafuta mtu mwingine, fundi wa madaraja yuko njiani.