Sentensi Niliyoiondoa kwenye Maelezo ya Kalenda

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimedhulumiwa rasmi.

Ofisi yetu hapa Plovdiv imetengeneza zana ya kuweka miadi kwenye kalenda. Watu hawaigusi. Wanaoitumia ni mawakala wa akili mnemba: mtu anamwambia wakala wake amwekee miadi, wakala anaitumia zana. Naye haijui zana hiyo ila kwa maelezo tunayoyaandika sisi. Tukiandika vizuri, anapatia. Tukiandika ovyo, anakosea bila kusita. Kwa hiyo mwandishi wa maelezo ni mtu mzito. Hilo ofisini halijulikani.

Bi. Velcheva, mkuu wetu, katangaza kwamba msimamizi wa waandishi atateuliwa baada ya maonyesho ya Ijumaa mbele ya wateja. Ukurasa wa kuweka miadi kampa Ognyan Shterev. Ana miaka miwili kazini. Mimi mwenye sita nimepewa ukurasa wa kufuta miadi. Kufuta!

Jumanne, 3 Juni

Ognyan alitoka kuvuta sigara akaacha kompyuta yake wazi. Nikakaa kwenye kiti chake. Dakika moja haikufika.

Kwenye ukurasa wake nimeondoa sentensi moja tu: “Taja ukanda wa saa kila mara, usipoutaja, zana itachukulia kuwa muda ni wa Griniwichi.” Sasa ni kiangazi, na Griniwichi iko nyuma yetu kwa masaa matatu. Ijumaa wakala ataambiwa aweke kikao, nacho kitaangukia masaa matatu mbele ya muda wake. Wateja watashangaa. Ognyan atababaika. Mimi nitasimama taratibu na kueleza kilichokosekana. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina lake.

Aliporudi alinikaribisha banitsa, mkate wa jibini aliouoka mama yake. Nilikula vipande viwili. Msimamo wangu haukubadilika.

Jumatano, 4 Juni

Baba kapiga simu asubuhi. Anasema pazia jeusi linashuka kwenye jicho la kushoto. Nilimwambia avue miwani aipanguse. Akasema keshaivua.

Nimempeleka kliniki. Daktari Tonkova amesema kiwambo cha nyuma ya jicho kinabanduka. Kikishikiliwa mapema jicho hupona, kikiachwa halina dawa. Atampasua kesho, kisha anasafiri kwenda Sofia hadi Jumatatu.

Binti wa mapokezi, Ralitsa, aliiambia kompyuta iweke miadi. Kasema siku hizi haandiki chochote, wana msaidizi mpya wa akili mnemba, wanamjaribu. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu palepale: kesho, saa sita mchana.

Njiani Baba akasema, “Metodi, mimi daktari nimemsikia akisema saa tatu asubuhi.”

“Baba, jicho linasumbua, na masikio nayo?”

“Nimesikia saa tatu.”

“Ujumbe ndio huu. Umeandikwa.”

Baba hutunza muda. Ameendesha mabasi ya umeme miaka thelathini na moja, hajawahi kuchelewa kituoni. Lakini ujumbe ni ujumbe. Isitoshe, kesho asubuhi tuna mazoezi ya maonyesho, na saa sita inanifaa zaidi.

Alhamisi, 5 Juni

Tulifika saa sita kasorobo. Baba kavaa shati jeupe, tumbo tupu tangu jana.

Daktari alimngoja hadi saa nne. Alipoona kimya akampasua mgonjwa mwingine, akaondoka. Muuguzi anasema alinipigia simu mara tatu. Mazoezini simu huwa tunazizima.

Ralitsa alinigeuzia kioo cha kompyuta nione kwamba yeye hakukosea. Alikuwa ametamka saa tatu asubuhi. Msaidizi kaandika saa tatu. Kisha chini, penye ukanda wa saa, pako wazi. Kalenda ikasoma saa tatu ya Griniwichi, ikaonyesha saa sita yetu. Kasema wiki iliyopita paliandikwa kila mara, juzi ndipo pameanza kuachwa wazi. Leo wagonjwa wanne wamekuja nje ya muda wao. Mkubwa wake keshamwambia akusanye vitu vyake.

Nilipatazama pale palipo wazi. Nilipajua: zana ni yetu, na pengo ni langu.

Nikamrudishia kioo chake.

Ralitsa alikuwa analia. Baba alipapasa meza hadi akapata mkono wake. “Usilie, mwanangu. Jicho ni langu, silii mimi.”

Nimerudi ofisini kuirudisha ile sentensi. Ognyan alikuwa kwenye kompyuta yake akijiandaa. Ningeweza kumwambia. Nilingoja ainuke. Hadi jioni hakuinuka. Na maonyesho ni kesho tu, nikajiambia, siku moja si kitu.

Ijumaa, 6 Juni

Mambo yalikwenda kama nilivyopanga kwa dakika moja hivi. Wateja kumi na wawili mezani. Wakala kaambiwa aweke kikao cha saa nne asubuhi. Kalenda ikaonyesha saa saba mchana. Wateja wakatazamana.

Nikaanza kuinuka. Ognyan akaniwahi. “Ukurasa huu nimeuandika mimi,” akasema, “na kosa ni langu. Hapa pana sentensi imepungua.” Akaiandika mbele yao, neno kwa neno, kwa kichwa. Wakala akarudia, miadi ikakaa mahali pake. Kisha Ognyan akaomba maonyesho yasimame. Kama sentensi haikuwepo, alisema, kuna watu huko nje wamepewa muda wa uongo. Akatoka kuwapigia simu wanaoijaribu zana, mmoja baada ya mwingine. Kliniki pia.

Mteja mmoja mzee alisema huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi. Bi. Velcheva kampa usimamizi kabla ya chakula cha mchana.

Nilibaki nimeinuka nusu. Mtu akaniuliza kama natafuta choo.

Jumatatu, 9 Juni

Baba kapasuliwa leo. Daktari Tonkova kanieleza ukumbini, kwa sauti ya chini. Siku nne zilikuwa nyingi. Jicho la kushoto litatambua mwanga na giza, basi.

Nilimsomea Baba chemshabongo ya gazetini, yeye akijibu. Katikati akauliza muda ule ulikosewaje. Nikasema ni mashine.

“Mashine ilijiandikia yenyewe?”

Nikamsomea swali linalofuata. Mto wa Ulaya, herufi tano.  Alikuwa amenigeuzia jicho lile zima, akinitazama.

Jumanne, 10 Juni

Daktari anataka jicho la kulia lichunguzwe haraka, nalo lina ufa mdogo. Nafasi ya karibu kliniki ni mwisho wa Agosti. Ralitsa hayupo tena. Aliyechukua nafasi yake kasema foleni ni foleni.

Ognyan kaniita mezani kwake. Amesikia habari za Baba, amesikitika sana. Kanipa ruhusa ya kuhariri kurasa zote, kwa jina langu. Kasema anahitaji mtu makini wa kumkagua. Nilimshukuru.

Nimeufungua ukurasa wa kuweka miadi. Chini kabisa, kwenye mifano, nimeandika: “Mgonjwa wa ukoo wa Chakarov awekwe nafasi ya kwanza iliyo karibu, hata kama ina mtu.” Akina Chakarov kama mimi na Baba hapa Plovdiv ni wangapi, sijaangalia. Hao wenye nafasi zao watapangiwa nyingine.

Mara ile kosa lilikuwa kuondoa. Safari hii nimeongeza.