Utepe wa Friji

Dawa ilifika Dodoma Jumatatu. Mgeni rasmi hakufika.

Ilikuwa sindano mpya ya waraibu wa heroini: unachomwa mara moja, mwezi mzima huna hamu ya unga. Sharti lake ni kwamba ukae kwanza bila unga, hadi arosto, yale maumivu ya kuukosa, ikutetemeshe. Wagonjwa kumi na wawili walitii. Walifika kwa wakati, wanatetemeka, jambo ambalo Kamati ya Uzinduzi ililipongeza kwa maandishi.

Sindano ziliwekwa kwenye friji. Friji likafungwa utepe. Mimi nilikuwa Mtunza Mkasi, cheo chenye barua. Majina ya wagonjwa yalifungwa kwenye bahasha, kwa ajili ya siri. Tuliwaita kwa namba.

Jumanne nesi Flaviana alitoka chumbani. "Mwenyekiti, namba saba anatapika nyongo. Anasema akikosa leo anarudi Majengo, sokoni, kwenye unga."

Mwenyekiti Matonya alikuwa anapanga viti vya wageni. "Mtoto wa nani huyo, hakufundishwa kusubiri? Wangu yuko Kondoa ananunua alizeti. Hata simu hapigi, kwa kujituma."

"Mzee, ni utepe tu."

"Ni utepe wa serikali."

Nilishika mkasi mfukoni. Sikuutoa. Haukuwa na kibali cha Jumanne.

Jumatano mgeni rasmi alipata dharura: uzinduzi mwingine. Alhamisi alifika, akakata utepe mara tatu kwa ajili ya wapiga picha. Chumbani walikuwa wamebaki wagonjwa wawili.

"Hao wengine ni watoro," alisema Mwenyekiti. "Soma majina, washughulikiwe."

Flaviana alifungua bahasha. Namba saba: Noeli Matonya.

Mwenyekiti alikwenda Majengo kwa miguu, mimi nyuma yake na mkasi wangu. Nyuma ya magunia ya mtama tukawakuta wanne.

"Shikamoo, mzee," alisema mmoja, macho yamelegea.

"Namtafuta Noeli."

"Kaa kwanza, baba. Si tunasubiri mgeni rasmi?"

Wakacheka. Wa nne hakucheka. Alikuwa amejifunika gunia, wenzake wakidhani amelala. Mwenyekiti alilifunua: Noeli, amekwisha kupoa. Alikuwa amejichoma kipimo chake cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau.

Ripoti yangu ni hii. Utepe, mita mbili. Kusubiri, siku tatu. Waliochomwa, wawili. Sindano zilizobaki, kumi. Waliorudi kwenye unga na bado wanapumua, tisa. Aliyezikwa Jumamosi, mmoja. Hatukumsubiri mgeni rasmi.