Hotuba ya Chaki

Jumatatu, tarehe 4
Heshima kubwa imeniangukia! Dada anastaafu ukunga, sherehe ni Jumamosi kwenye ukumbi wa hospitali, na familia imenichagua mimi nitoe hotuba ya shukrani. Si Binamu Kipaza, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuona kipaza sauti akakiacha kipumzike. Mimi! Mwandika mabango. Mtu ambaye hata kibao chake cha “Usikojoe Hapa” watu husimama kukitazama.

Mama alipofariki, Dada ndiye aliyenilea. Sijawahi kumwambia asante, si kwa maneno ya kueleweka. Kwa hiyo hotuba hii lazima itoke kamilifu, tangu neno la kwanza.

Nimeandika: “Ndugu wageni waalikwa.” Nimeichana. Imekaa kama tangazo la mkutano wa maji.

Jumanne, tarehe 5
Tatizo ni kalamu. Nimenunua nyingine. Kumbe tatizo ni meza, inayumba. Nimeikaza miguu, nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi. Ikabidi ikauke. Siku ikaisha.

Mke wangu kaniuliza hotuba imefikia wapi. Nikamwambia imebaki kupigwa msasa tu. Uongo si mkubwa. Kuna kitu kilipigwa msasa leo.

Jumatano, tarehe 6
Kipaza kapita karakana kuniuliza kama nahitaji msaada. Msaada! Nikajitia hamnazo, nikamwuliza yeye huanzaje hotuba zake, ili niibe mbinu. Akasema hufungua mdomo, akasikiliza kinachotoka. Uzembe mtupu! Na mtu huyo ndiye atakayesimama mbele ya Dada nikishindwa, awaeleze wageni mambo ambayo hata yeye hayajui.

Alipokuwa anaaga nikamdokeza kwamba sherehe imesogezwa hadi Jumapili. Nilijisikia vizuri mpaka chai ilipoisha.

Hotuba yenyewe: “Dada”. Mwanzo mzuri. Lakini baada yake niweke mkato au nukta? Nalala na swali hilo.

Alhamisi, tarehe 7
Mambo yameharibika! Mke wangu kafagia chini ya meza, kakuta karatasi zilizokunjwakunjwa, kazifungua moja moja. Zote zina neno moja. Nimekiri kwamba maji yamenifika shingoni.

Sikupewa pole. Kaniuliza kama lile bango la duka la dawa nililianza kwa rangi. Nikacheka. Nani anaanza kwa rangi? Unaanza na chaki, unachora ovyo ovyo, unaona neno limekosa nafasi, unalisogeza, halafu ndipo...

Nikaiweka kalamu chini. Yeye akaendelea kufagia. Namshukuru sana mwanamke huyu, ingawa angeweza kusema Jumatatu.

Ijumaa, tarehe 8
Karakanani kuna ubao mweusi wa mteja aliyebadili mawazo. Nikachukua chaki, nikaapa kutofuta kitu. Nikafunga mlango kana kwamba naiba.

Nikaanza bila salamu. Kwamba nilipokuwa mdogo nilichora herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa mwenye nyumba, na alipokuja juu, Dada akasema ni yeye. Kwamba aliusugua ukuta ule mpaka vidole vikachubuka, na jioni akaniuliza ile M niliichoraje, nimwoneshe. Kwamba chakula kilipokuwa kidogo, yeye daima alikuwa hana njaa, nami nikamwamini kwa miaka.

Mistari inapanda mlima. “Dada” imo kila mahali. Kuna neno nimeliandika mara mbili na jingine nimelisahau. Ni kazi mbaya kupindukia, na nimelia mbele yake kama mtoto. Kesho asubuhi nitainakili kwenye karatasi, kwa unadhifu.

Jumamosi, tarehe 9
Sikuinakili. D ya kwanza haikunipendeza. Wala iliyofuata. Saa ya kuondoka ikafika nikiwa na karatasi iliyojaa D.

Basi ubao wenyewe uende! Lakini ni mkubwa kama mlango, na nani aubebe? Natoka nje, huyu hapa Kipaza, koti jeusi, viatu vinang'aa. Mkewe alikuwa amemwambia siku ya kweli. Hakuniuliza lolote kuhusu Jumapili. Aliinama tu, akaubeba ubao mgongoni mpaka ukumbini.

Nikasoma. Penye mkaa watu walicheka, penye njaa hawakucheka. Dada alificha uso kwa kitambaa. Nikafika mistari ya mwisho. Haipo! Imefutika yote! Niliupapasa ubao kwa vidole, wakunga wote wananitazama.

Ndipo Kipaza alipogeuka kumsogezea mtu kiti, nikauona mwisho wa hotuba yangu umekaa mgongoni mwake, chaki nyeupe kwenye koti jeusi. Nikamwomba aje mbele, awape wageni uso na mimi mgongo. Akaja. Maneno yalikuwa yamegeuka nyuma mbele, mengine yamezama kwenye mshono, lakini niliyajua. “Dada, kila bango langu lina mkono wako chini ya rangi. Asante.”

Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wa Kipaza muda wote huo. Hakusema neno! Nikamshukuru pale pale, nikamwomba radhi mbele ya watu. Dada alinikumbatia, akasema herufi zimepinda vilevile kama za ukutani, anautaka ubao huo sebuleni kwake na asiuguse mtu.

Jumapili, tarehe 10
Nimeamka na moyo umejaa. Nina dada, nina mke, nina binamu mwenye mgongo mpana. Mtu atake nini tena? Na nimejifunza: kitu kikiwa kibaya lakini kipo, kiache.

Nilikuwa nautia ubao kamba ya kuutundikia nikaona mstari wa kwanza umepanda kidogo. Nikafuta neno moja, niliweke sawa. Likaonekana geni mbele ya la pili. Nikafuta na la pili.

Dada kaja mchana kuchukua ubao wake. Ni mweusi ti, ila juu kushoto kuna D. Lakini D gani! Kaitazama, kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kampigia Kipaza simu, kamwomba koti. Litatundikwa sebuleni lilivyo. Kipaza kakubali bila kusita, Mungu ampe heri.

Ila yale maneno yako nyuma mbele. Kesho nitapita kwa Dada mapema na kipande cha chaki, nirekebishe herufi moja tu.