Vifuniko Ishirini kwenye Karata ya Mwisho

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Tena mchana kweupe, hapa Bwera mpakani, na aproni juu!

Lori langu (sawa, lori la bosi) linangoja karatasi za mpaka tangu asubuhi. Nikakaa kwa Mama Biira, muuza chai, tukacheza poka na Sadiki, dereva mwenzangu. Sadiki hataki kamari. "Pesa hapana! Ni haramu." Basi tukatumia vifuniko vya soda. Wa kwanza kuishiwa anavaa aproni ya Mama Biira na kugawa chai mpaka jioni.

Mimi nilikuwa na ujanja niliousoma kwenye simu. Karata ya mwisho ikifunuliwa, unaweka dau kubwa, lile lile kila mara. Una karata nzuri? Vifuniko ishirini. Una takataka? Ishirini. Nani atajua?

Ulifanya kazi! Ishirini, Sadiki akatupa karata zake. Ishirini tena, akatupa na kuguna. Nikaanza kujiita profesa (kwa sauti, Mungu anisamehe).

Ndipo Mama Biira akavuta kiti. Mchezo amejifunza leo leo. Nikiwa na karata nzuri, anatupa zake. Nikiwa na takataka, anaweka ishirini vyake na kusema, "Onyesha." Kila mara! Rundo langu likayeyuka.

Nikabaki na ishirini tu. Karata ya mwisho ikafunuliwa. Mkononi sina kitu. Nikavisukuma vyote kwa uso wa jiwe.

"Onyesha," akasema. Yeye alikuwa na jozi ya namba mbili, karata ndogo kuliko zote. Mbili!

"Mama, umejuaje?"

"Mutoto wangu, ukiwa na karata muzuri, muguu yako inatikisa meza. Chai inamwagika. Sasa chai imetulia."

Nikavaa aproni. Ina maua mekundu. Sadiki akapiga picha.

Sijamaliza hata meza moja, nani anaingia? Baba wa mchumba wangu, Masika! Ameshuka kutoka milimani, Bwesumbu, kuuza kahawa. Na Jumapili iliyopita, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia nina malori matatu.

Akanitazama kutoka aproni mpaka viatu.

"Tajiri," akasema polepole, "leta chai."

Nikaleta. Akanywa yote.

"Malori iko wapi?"

"Moja iko pale, mzee. Ya bosi."

"Na ingine mbili?"

"Ingine... hakuna, mzee."

Nikangoja anifukuze. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka! "Masika alituambia zamani wewe iko dereva. Tulikuwa tunangoja tu useme mwenyewe." Akafuta machozi. "Binti nitakupa. Lakini mbuzi ya mahari haipunguki hata moja. Leta mandazi."

Kwa hiyo harusi iko, jamani, na mimi bado nagawa chai. Msicheke. Wewe Sadiki, nakuona unaandika hapa kwenye kundi. Futa.