Utepe wa Bluu na Sinia la Tambuu

Jumatano, 7 Julai 1926. Marudur.

Habari kubwa! Utepe wa bluu unakuja. Mmoja tu. Rezidenti, Mesie Garnaudet, Mfaransa aliyewekwa hapa ili Raja wetu asisahau nani hasa anatawala, atamvalisha mtu mmoja wa Marudur Jumatano ijayo, sikukuu ya tarehe kumi na nne. (Siku hiyo Wafaransa wanakumbuka walivyomwangusha mfalme wao. Raja wetu huisherehekea kuliko watu wote. Anapenda fataki.)

Mwenye utepe haendi peku kasrini. Anaingia na viatu vyake mpaka mbele ya Raja, anapewa kiti, na akipita, wasio na utepe wanasimama. Miaka ishirini nimebeba sinia la tambuu la kasri hili kwa miguu mitupu. Marumaru ya asubuhi yalivyo baridi, niulizwe mimi. Utepe ni wangu.

Kikwazo kimoja: Sabapathy, mwanyumba wangu. Mimi nimemwoa Visalakshi, yeye kamwoa mdogo wake, Kanakam, na tangu hapo chakula cha ukweni hakijanishuka vizuri. Ni mkalimani wa Rezidenti. Anakula mkate kwa kisu! Leo nimesikia ameonekana kwa fundi cherehani akiagiza koti jipya jeupe, lenye tundu kifuani. Tundu la nini, kama si la utepe?

Alhamisi, 8 Julai.

Mpango wa kwanza. Kwetu huendi kwa mkubwa mikono mitupu. Hata maskini hupeleka ndimu moja. Mimi nimepeleka fenesi, zima, lililoiva mpaka watu wakageuka njiani. Nimelitua kwenye ngazi za Rezidenti, nikajieleza kwa Kifaransa changu. Mke wa Rezidenti akatoka ameshika pua, akauliza nini kimekufa. Sabapathy akanitafsiria neno kwa neno. Angeweza kulainisha. Hakulainisha.

Nikaambiwa niliondoe. Pale pale akapita Rukmini, tembo wa kasri, anakwenda kuoga. Akaninyang'anya. Akala lote na maganda yake, kisha akainua mkonga akampigia Rezidenti saluti kama alivyofunzwa. Rezidenti akapiga makofi, akasema hajaona mtumishi mwenye adabu kama huyu katika Marudur nzima. Na mimi nimesimama hapo hapo!

Hata hivyo siku imeisha vizuri. Visalakshi alikuwa na wali wa ndimu na biringanya za kukaanga. Nimelala mchana usingizi mzuri sana.

Ijumaa, 9 Julai.

Nimenunua viatu. Vya ngozi, vyeusi, vimetoka Pondicherry. Vinalia kila hatua. Hiyo ndiyo sauti ya cheo.

Kuvijaribu ndani haiwezekani. Kwetu ngozi ni najisi; ikivuka kizingiti, mama mkwe wangu Thangammal atasugua sakafu siku nzima na kunisema mwaka mzima. Nimevijaribu zizini, nikitembea huku na huko, nikiitikia salamu za watu ambao hawapo. Ng'ombe alinitazama kwa heshima. Jioni akagoma kutoa maziwa. Mama mkwe akaniuliza, "We mkwe, umemfanya nini ng'ombe wangu?" Nikamjibu kwamba ng'ombe wa siku hizi hawana shukrani.

Sabapathy na Kanakam walikuja kula. Nikamkuta Sabapathy ananong'ona na mama mkwe jikoni. Nilipoingia tu, Visalakshi akaanza ghafla kuulizia chumvi, chumvi yenyewe iko mkononi mwake. Njama! Kikulacho ki nguoni mwako. Wakati wa kuondoka Sabapathy akanishika bega, akasema kwa upole, "Mwanyumba, Jumatano uoge vizuri, na tafadhali usichelewe." Nioge! Ukoo wetu ulikuwa unaoga tangu kabla Wafaransa hawajawatimua Waingereza Madras na kuwaachia kiduka chao cha chai kule Bengali.

Jumapili, 11 Julai.

Koti langu la zamani limepotea. Visalakshi anasema liko kwa dobi. Dobi anasema hajaliona. Nitalishughulikia baadaye, nina makubwa zaidi.

Mpango wa pili. Nimekwenda kwa fundi. Koti la Sabapathy liko mezani, bado kushonwa mikono. Kitambaa kizuri, sikatai. Kando yake palikuwa na koti kuukuu linalofanana sana na langu, lakini makoti kuukuu yote yanafanana. Nikamnong'oneza fundi kwamba mwenye koti amebadili mawazo, anataka mikono iishie kwenye viwiko, ndio mtindo mpya wa Paris. Fundi akanitazama muda mrefu. Akauliza kama nina hakika mwenye koti mwenyewe ndiye anayetaka hivyo. Nikamwambia, "Fundi, chukulia maneno haya yametoka kinywani mwake." Akashika mkasi.

Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 13 Julai.

Nimeamka na wazo lililokamilika, kama yai.

Mwisho wa baraza lolote Raja humpa mgeni jani la tambuu na kipande cha popoo kutoka kwenye sinia langu. Mgeni akishalipokea, baraza limekwisha. Hata kama amebakiwa na nusu neno mdomoni, anainuka na kuondoka nalo. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu zetu, na Wafaransa wamejifunza hivyo hivyo. Rezidenti aliyepita alikaa akaendelea kuongea baada ya tambuu, na mpaka leo Marudur inamsimulia kama mtu aliyelelewa porini.

Kwa kawaida nasubiri Raja atikise kidole chenye pete. Lakini nani anasema lazima nisubiri? Wakati wa hotuba Raja husinzia macho wazi. Sinia likimfikia, mkono wenyewe unachukua jani. Nimeuona ukifanya hivyo miaka yote. Basi kesho Rezidenti akianza tu kumsifu Sabapathy, natokea na sinia. Jani linatoka, wote wanasimama, utepe unarudi kwenye kijaluba chake. Mwakani tena!

Sina chuki na mtu. Naona tu kwamba haraka haina baraka, na Sabapathy bado kijana.

Jumatano, 14 Julai. Jioni.

Nianze na asubuhi. Nimeoga (kwa sababu zangu mwenyewe). Visalakshi akatoka chumbani amebeba koti jipya jeupe, macho yanang'aa, akasema nivae hili leo. Mikono imeishia kwenye viwiko! Nikalitambua mara moja. Ni wazi Sabapathy amelikataa kwa fundi, sasa anatutupia sisi makombo yake. Dharau ilioje! Visalakshi aliitazama ile mikono, uso ukamshuka, akasema atamkaba fundi koo. Nikamwambia asijali. Nikalivaa, maana kifuani linanikaa kweli, utadhani nimepimwa mimi.

Kasrini, watu wamejaa. Bendera, maua, Rukmini mlangoni amepakwa rangi mpaka masikioni. Rezidenti akasimama. Sabapathy kando yake akitafsiri, katika koti lake la siku zote. Rezidenti akasema Ufaransa haiwasahau wadogo. Akasema leo anamheshimu mtumishi mmoja wa kasri hili. Miaka ishirini ya utumishi. Mpole. Hajawahi kupaza sauti. Amebeba mizigo ya wengine bila kunung'unika.

Uongo mtupu! Sabapathy hajabeba hata mwavuli wake. Na Sabapathy huyo, anapotafsiri sifa zake mwenyewe, ananitazama mimi na kutabasamu! Damu ikanichemka. Nikainua sinia, nikaenda.

Mkono wa Raja ukatoka wenyewe. Jani likaingia kiganjani mwa Rezidenti katikati ya neno. Viti vikaburuzwa, Raja akaamka akasimama, Rezidenti akafunga mdomo, akainama, akaanza kutoka na kijaluba mkononi. Sabapathy alinikodolea macho kana kwamba nimemmwagia mchuzi. Sikungoja. Nikapita mlango wa nyuma, nikakimbia mpaka nyumbani peku, naimba.

Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake watatu. Visalakshi ameshika sinia la maji mekundu ya bizari ya manjano na kafuri inayowaka, kama anavyopokelewa bwana harusi. Kanakam ana shada la maua. Mama mkwe ana bakuli la payasam, ile ya maziwa na korosho, anayoipika kwa harusi tu. Wote wakanitazama kifuani.

Visalakshi akauliza, "Uko wapi?"

Nikauliza nini.

"Utepe, mume wangu! Utepe wako!"

Maneno yalikuja baadaye, vipande vipande, na kilio kidogo katikati. Kumbe jina langu lilipelekwa na Sabapathy. Alimsumbua Rezidenti tangu msimu wa mvua. Koti nalo alilinunua yeye, zawadi kwa mwanyumba wake. Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Visalakshi akasema, "Alituomba tusikwambie. Alisema ukijua tu, utaanza kupanga mipango."

Mama mkwe akasema akili nyingi huondoa maarifa. Akapuliza kafuri ikazimika.

Jambo hilo liliniuma. Nalisema hapa, sitalisema kwingine. Visalakshi alisimama na lile sinia muda mrefu baada ya moto kuzimika, na sikujua pa kuweka mikono yangu, hasa kwa kuwa ilikuwa nje yote.

Ila payasam ilikuwa imeshapikwa. Ningefanyaje? Ilikuwa nzuri mno. Nimekula mabakuli mawili.

Alhamisi, 15 Julai.

Habari za utepe. Kumbe kwa Wafaransa, kijaluba kikishafunguliwa siku ile, ni mwiko kurudi na kitu ndani. Rezidenti alifika ngazini akauliza yuko wapi mtumishi huyo. Sabapathy akanitafuta nyuma ya kila nguzo. Wakati huo Rukmini akainua mkonga, akapiga saluti. Rezidenti akamtazama. Miaka ishirini ya utumishi. Mpole. Hajapaza sauti. Amebeba mizigo ya wengine. Akambandika utepe kwenye kitambaa cha paji la uso, watu wakashangilia, na Raja akacheka mpaka akalia. Sasa nani atathubutu kuuondoa?

Sheria ni sheria. Leo asubuhi Rukmini amepita uani, nasi wote tukasimama, peku, mimi na sinia langu. Alinusa mifuko yangu. Bado anakumbuka fenesi. Viatu nimevirudisha zizini.

Ijumaa, 16 Julai.

Kesho unaingia Aadi, mwezi ambao kwetu hakuna jambo jema linaloanzishwa. Kwa hiyo nimefanya haraka leo.

Sabapathy alikuja asubuhi. Hakufoka. Akanywa kahawa, akanishika bega tena, akasema mwakani ataniombea upya. Nimemshukuru vizuri. Lakini mchana nimejilaza nikaliwaza. Mtu akusaidie bila kuombwa, uharibu, halafu akusaidie tena? Huyo ana lake jambo.

Jioni nimepita kwa fundi. Niliyoyahofia ndiyo hayo. Sabapathy ameshaagiza koti jingine jeupe, lenye tundu kifuani, kwa vipimo vile vile vya juzi.

Nimemwambia fundi safari hii aondoe mikono kabisa.