Kiti cha Mkuu wa Kinga

Jumatatu, 5 Oktoba

Imethibitika. Bwana Whitlow anastaafu mwisho wa mwezi. Ametuita asubuhi mbele ya ubao wake mweupe, akasema mgongo wake umechoka na mkewe amechoka zaidi. Kiti cha Mkuu wa Kinga kitakuwa wazi. Wanaofikiriwa ni wawili tu: mimi, Delbert Rusk, na Bi Loretta Mabry.

Kiti hicho nimekitamani miaka tisa. Dirisha lake linatazama Mto James. Langu linatazama mapipa ya taka ya hoteli.

Bi Mabry ana miaka sitini na moja na huvaa sweta hata Julai. Silaha yake ni vimkate vya nyama ya nguruwe anavyotuletea kila Ijumaa. Leo amenishika bega, akaniambia mwanangu, atakayepata apate, sote tutakula. Mpole kama mama mchungaji. Hanidanganyi hata kidogo.

Jumanne, 6 Oktoba

Wakati wa chakula cha jioni Janine ameniuliza hasa ninafanya kazi gani. Tumeoana miaka kumi na minne! Nikamweleza upya. Kampuni yetu inakopa pesa za mwezi mmoja mmoja, inanunua hatifungani za mikopo ya nyumba, ile ambayo watu wanailipa kwa miaka thelathini. Tunachopata kikizidi tunacholipa, hapo ndipo penye riziki yetu. Riba ikipanda, mikopo yetu inakuwa ghali na hatifungani zinashuka thamani. Ndiyo maana tunaweka kinga. Tunafunga mkataba na benki ya New York: sisi tuwalipe riba isiyobadilika, wao watulipe ile inayopanda na kushuka. Riba ikipanda, wanatulipa zaidi, tunapona. Ikishuka, kinga inatula sisi.

Janine husafisha meno ya watu na ni mwepesi wa kuelewa. Akasema kumbe ni kama bima. Nikasema naam. Akauliza, sasa mbona mkopo wa nyumba yetu wenyewe una riba ya kupanda na kushuka, na ni wewe uliyeuchagua? Mshona viatu, akasema, anatembea peku. Nikamwambia riba itashuka. Akasema hata mwaka juzi ulisema itashuka.

Nikajiongezea viazi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimepata mpango. Mzuri mno. Hata mkono unaniwasha nikiuandika.

Kila siku saa mbili unusu asubuhi Bwana Whitlow hutusimamisha mbele ya ubao na kuuliza maswali yaleyale mawili: riba ikipanda nusu asilimia tunapoteza kiasi gani, na ikishuka nusu tunapoteza kiasi gani. Leo ameongeza amri. Benki Kuu inakutana Jumatano ijayo. Mpaka iseme neno lake, hakuna kugusa kinga. Si kuongeza, si kupunguza.

Nikasema mbona kila dalili inaonyesha riba itashuka, tunalipia kinga ya nini. Bi Mabry akadakia, tena bila kuinua macho kwenye sweta analofuma. Eti hata ikishuka nisishangilie sana, maana wenye nyumba watalipa mikopo ya zamani kwa mkupuo na kuchukua mipya ya bei nafuu, na hatifungani zetu nzuri zitatuyeyukia mikononi. Watu wakacheka. Bwana Whitlow akaandika maneno yake ubaoni! Yangu hakuandika.

Sawa. Tutaona.

Mpango ndio huu. Nina kibali cha kufunga mkataba wa dola milioni mia bila saini ya mtu. Nilipewa siku ile Bwana Whitlow alipokuwa kwa daktari wa meno, na hakuna aliyekumbuka kukifuta. Kupunguza kinga ni rahisi: unafunga mkataba wa kinyume. Safari hii sisi tunapokea isiyobadilika, na benki ndiyo inayoilipa. Kesho nafunga. Jumatano riba inashuka. Kampuni nyingine zote zinalia kwa gharama za kinga, sisi tunachekelea. Bwana Whitlow anauliza nani alikuwa na macho ya mbele. Nainua mkono polepole, kwa unyenyekevu.

Dalili za riba kushuka, kwa kumbukumbu: kinyozi wangu anasema hivyo. Jirani ameondoa bango la kuuza nyumba. Na mimi mwenyewe nahisi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimefanya!

Nilingoja wenzangu wakusanyike kwenye vimkate vya Bi Mabry. (Vizuri, sikatai. Nilikula vitatu kabla.) Nikainua simu ya mezani. Za mkononi tunaziacha kapuni mlangoni, ndiyo sheria ya chumba chetu. Nikampata Vince wa benki ya New York, tunayefanya naye biashara tangu nianze kazi. Akaniuliza vipi kaka, leo mzee kakuachia funguo? Nikacheka. Nikamwambia mzee anaogopa hata kivuli chake, na yule mama wa sweta ndiye kabisa, bali mimi naondoa kinga kimyakimya na Jumatano nitakuwa mfalme. Vince akasema haya mfalme, sema.

Nikasema kwa sauti ya kazi, kama nilivyosema kila siku kwa miaka tisa: milioni mia, miaka kumi, sisi tunalipa isiyobadilika, tunapokea inayobadilika. Vince akasita kidogo. Akarudia yote neno kwa neno, kama ilivyo desturi. Nikajibu sahihi. Sekunde arobaini.

Karatasi ya mkataba ilitakiwa iingizwe kwenye daftari leo leo. Nimeitia kwenye droo bila kuisoma, chini ya vifuko vya haradali.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimekusanya majani yote ya uani kwa furaha. Janine amekuja na karatasi za benki iliyotukopesha nyumba. Wanatupa nafasi ya kuhamia riba isiyobadilika, mwisho Jumatano. Nikamwambia katu. Wiki hii hii riba inashuka, tusubiri. Akanitazama kwa jicho ambalo nadhani huwatazama watu wasiopiga mswaki.

Baadaye, nikiwa juu ya ngazi nikikata matawi, ameniletea karatasi ya yule anayesafisha mifereji ya paa nitie saini. Nimetia bila kushuka ngazi.

Jumanne, 13 Oktoba

Jana masoko ya hatifungani yalifungwa kwa sikukuu. Leo asubuhi Bwana Whitlow ameuliza maswali yake mawili. Nilijibu kwa hesabu za zamani, bila mkataba wangu. Sauti ilikauka kidogo, nikasingizia mafua. Bi Mabry akanipa pipi ya asali. Hata huruma yake ni hila.

Nimekaa kwenye kiti cha Bwana Whitlow alipokwenda kula. Kimelegea upande wa kushoto. Nitaagiza kipya.

Jumatano, 14 Oktoba

Acha niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Saa nane mchana sote tulikuwa mbele ya televisheni. Benki Kuu ikasema. Imepandisha riba! Na itapandisha tena. Ndani ya dakika tano hatifungani zikaporomoka, chumba chote simu zinalia. Kinga ilihitajika leo kuliko siku yoyote, na mimi nimeipunguza kwa milioni mia.

Nikaenda chooni kutunga barua ya kujiuzulu. Nilifika kwenye “kwa masikitiko makubwa” nikasikia Bwana Whitlow akiita jina langu kwenye korido. Nikatoka. Alikuwa ameshika karatasi ya uthibitisho kutoka benki ya New York. Wote wamesimama. Akasema mtu amefunga mkataba Ijumaa, kinyume cha amri yake. Nikafungua mdomo nikiri. Macho yangu yakaanguka kwenye karatasi.

Mlipaji wa riba isiyobadilika: sisi.

Sisi! Nikasoma mara tatu. Nilitaka kusema tunapokea, ulimi ukasema tunalipa. Miaka tisa ulimi huo haujawahi kusema kitu kingine. Sikupunguza kinga. Nimeiongeza. Na riba imepanda.

Bwana Whitlow akasema kwa amri niliyoivunja, alipaswa kunitoa nje kwa kola. Kwa upande mwingine, kijana, mkataba huo umetuokolea zaidi ya dola milioni tatu tangu saa nane. Niliona nini ambacho yeye hakukiona?

Nikameza kukiri kwangu. Nikasema niliona dalili.

Watu wakapiga makofi. Bi Mabry ndiye aliyeanza.

Nyumbani nilimwambia Janine kwa upole kwamba ile nafasi ya riba isiyobadilika imetupita na mambo yatakuwa magumu. Akasema haijapita. Mkataba ulifungwa jana, na saini yangu mimi ipo. Mifereji ya paa hainaga karatasi za kurasa kumi na moja, akasema. Nikamwambia tungejadiliana kwanza. Akaniongezea kuku.

Alhamisi, 15 Oktoba

Kiti ni changu. Bwana Whitlow hajatamka, lakini leo ameniuliza kama napenda mapazia.

Kuna tatizo dogo. Kila robo mwaka Bwana Whitlow huchagua mkataba mmoja bora, akatuchezea sauti yake iliyorekodiwa, wafanyakazi wote wasikilize na kujifunza. Simu zote za mezani hurekodiwa. Bi Mabry amesimama asubuhi akapendekeza mkataba wangu. Akasema vijana wasikie jinsi mtu anavyosimamia anachokiamini.

Nilikumbuka neno moja moja nililomwambia Vince kabla ya mkataba.

Nikamwendea Bwana Whitlow, nikasema sipendi kujionyesha. Akaguswa. Akasema hiyo ndiyo tabia anayoitafuta kwenye kiti kile, na sasa hata mkurugenzi ataalikwa. Nikashauri tucheze sekunde arobaini za mwisho tu. Akasema hapana, mwanzo mpaka mwisho, unyenyekevu una kikomo.

Saa kumi na moja, watu walipoondoka, nilikata waya wa spika kwa mkasi wa bahasha. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ijumaa, 16 Oktoba

Bi Mabry ameleta spika ya kwaya ya kanisa lake. Kubwa mno. Alisema amesikia yetu imeharibika, asingependa siku yangu iharibike nayo.

Watu thelathini. Mkurugenzi kiti cha mbele, kimkate mkononi. Sauti yangu ikajaa chumba. Mzee anaogopa hata kivuli chake. Mama wa sweta ndiye kabisa. Naondoa kinga kimyakimya. Kisha ikaja ile sauti ya kazi, tunalipa isiyobadilika, na Vince akirudia, na mimi nikisema sahihi.

Hakuna aliyetafuna. Bwana Whitlow akarudisha nyuma, akacheza tena. Mara ya pili watu wa nyuma walianza kucheka, na mkurugenzi akajiunga nao, ila si kicheko cha kunipenda.

Ofisini Bwana Whitlow hakupandisha sauti. Alisema amefanya kazi hii miaka thelathini na nne na hajawahi kumwona mtu akikosea kukosea. Angenifukuza, lakini hajui ataandika sababu gani kwa mkataba ulioleta faida. Kibali changu kimefutwa. Kuanzia Jumatatu nitakaa kwenye chumba cha kanda za simu na kusikiliza simu za wenzangu, kuhakikisha wanachotaka kusema ndicho wanachosema. Kiti ni cha Bi Mabry.

Niliumia. Naandika wazi. Miaka tisa nimekitamani, na kwa siku mbili nilikuwa nacho.

Bi Mabry amekuja na kimkate cha mwisho kwenye karatasi. Sikutaka kumtazama usoni. Akasema mwanangu, huo mdomo wako una akili kuliko kichwa chako, jaribu kuusikiliza. Akacheka, akanipangusa makombo kwenye tai. Nikala.

Jumatatu, 19 Oktoba

Siku ya kwanza chumba cha kanda. Hakuna dirisha kabisa.

Nimetumia asubuhi kutafakari makosa yangu kwa uaminifu, kama mtu mzima. Kosa halikuwa kupunguza kinga, maana sikuipunguza. Halikuwa kuvunja amri, maana ilileta faida. Kosa lilikuwa moja tu: mtu mwingine alisikiliza kanda. Na sasa anayezisikiliza kanda ni nani? Mimi! Wamenipa ufunguo wa ghala wenyewe.

Nimepata nguvu mpya. Nikainua simu ya mezani, nikampigia Vince. Nikamweleza kwamba kabla ya Krismasi riba itashuka, kinyozi ana uhakika safari hii, na Bi Mabry na kinga yake nzito ataigharimu kampuni mamilioni. Siku hiyo mkurugenzi akitafuta mtu, mimi nipo. Yeye Vince amdokeze mkurugenzi kidogo kidogo kwamba mama huyu amezeeka. Vince aliniuliza mara mbili kama simu hii inarekodiwa. Nikamwambia inarekodiwa ndiyo, kaka, lakini inakuja kwangu.

Saa tisa Bi Mabry amepita na ratiba yake ya kwanza kama Mkuu wa Kinga mteule. Imepangwa vizuri. Kila mmoja anasikilizwa na mwenzake, hakuna anayejisikiliza. Simu zangu mimi anazisikiliza yeye mwenyewe, kila jioni, akifuma.

Sikupoteza hata dakika. Nikampigia Vince tena, simu ileile, nikamsihi asahau yote niliyomwambia asubuhi. Akauliza yote yapi. Nikayarudia neno kwa neno, polepole, ili asije akasahau kusahau hata moja.