Malalamiko Kuhusu Machweo Yaliyopotelea Ndani ya Flashi

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Asubuhi manyunyu mpaka saa mbili, kisha jua la kusitasita.

Kwa Ndugu Meneja wa Ukumbi,

Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa wino, maana vitu vya kuhifadhiwa kwenye mashine nimeanza kuviogopa.

Nianze na shukrani. Ofisi yako ilituahidi mashine mpya ya kuongozea taa za jukwaani, na juzi Jumatatu ililetwa kweli, ikiwa bado na nailoni yake. Ile ya zamani tumekaa nayo miaka kumi na tisa. Vitufe vyake vitatu vilishikiliwa kwa plasta, lakini ndani yake ulikuwamo mchezo wetu mzima wa yule mjane: amri themanini na sita, kila moja ikijua taa ipi iwake, kwa rangi gani na kwa muda gani. Fundi wa kampuni iliyotuuzia aliuchomoa mchezo kwa flashi, akauchomeka kwenye mashine mpya, akahesabu mpaka themanini na sita, akasema, "Dada, kila kitu kimehama." Akaondoka na mashine ya zamani, na kikombe chetu kimoja cha chai.

Kama unavyojua, Ijumaa shangazi yangu anaigiza kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafu. Yeye ndiye mjane. Katika amri ya themanini na sita anaketi kitini, jua linazama polepole kwa sekunde arobaini, naye anakata roho pamoja nalo. Wapo watu wanaonunua tiketi kwa ajili ya sekunde hizo tu. Jana tulifanya mazoezi kwa mashine mpya, na malalamiko yangu ni haya:

1. Jua halizami, linazimika. Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anavuta pumzi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho, giza likamwangukia kama mtu aliyekatiwa umeme. Kwa kuwa ana nidhamu ya kazi, aliendelea kufa gizani mpaka akamaliza, kisha akaniita kutoka hukohuko: "We mtoto wa kaka yangu! Miaka kumi na tisa nakufa vizuri hapa, leo umeamua kuninyonga?"

2. Katika amri ya arobaini, mjane anapoomba dua dirishani, mwanga sasa unamulika mlango wa choo cha wasanii. Mwongozaji wa mchezo alitoka humo bila habari, akifunga mkanda, wapanga viti wakampigia makofi. Tangu hapo ameninunia.

3. Buluu ya usiku imefika ikiwa kijani. Nilimpigia simu fundi, akanieleza kwamba mashine hizi mbili hazielewani kwenye rangi. Nikamuuliza kwa nini basi alizikutanisha bila mkalimani. Akasema mtandao unakatika, na ukakatika.

4. Mwongozaji ameapa kwamba kama Ijumaa saa nne asubuhi jua litakuwa bado halizami, taa zote zitawashwa mwanzo hadi mwisho, kama ofisi ya posta. Shangazi amejibu kwamba yeye hafi posta. Atavaa viatu vyake, atapita mlango wa nyuma, na maua ya kumuaga tutayajua wenyewe.

Nimelitafakari jambo hili kwa utaratibu. Mashine ni ghali, nayo imeshapigwa muhuri wa mali ya ukumbi. Sisi ni rahisi, na hatuna muhuri. Kwa hiyo napendekeza tubadilike sisi:

5. Mjane afie mlangoni pa choo, ambapo mwanga umejichagulia wenyewe.

6. Afe kwa sekunde moja. Anaweza kupigwa na radi. Tatizo ni kwamba radi yetu ilikuwa amri ya sitini, na bado hatujajua nayo imehamia wapi.

7. Wahusika wote wa usiku waugue nyongo, ili kijani kipate sababu.

8. Ikiwa mwandishi wa mchezo atakataa, viti vya watazamaji vigeuzwe vielekee choo.

9. Na kabla ofisi haijaamini tena kwamba kitu kikitiwa kwenye flashi kinafika kizima, naomba ijaribu kwanza kwa faili lako la utumishi, Ndugu Meneja. Lichomolewe hapa, lichomekwe kwenye ukumbi mwingine wowote, tuone kama utafika na cheo chako, au utajikuta mlangoni pa choo ukiwa wa kijani. Sisemi haya kwa ubaya. Nasema kwa kuwa wewe bado tunakuhitaji.

Nisalimie mama wa mapokezi, wapanga viti wote, mhasibu hata kama haitikii, na wa nyumbani kwako kuanzia mkubwa hadi anayetambaa.

Aliyeachwa gizani bila taarifa,
Mwendesha Taa, Daraja la Pili

Nakala: Mwongozaji, Shangazi, Jalada.

Nyongeza, Alhamisi asubuhi, mawingu mepesi, kabla sijaileta bahasha:

Jana alasiri nilifungua shajara yangu nitafute tarehe za kuambatisha kama ushahidi. Nikakuta tarehe 2 Machi, miaka saba iliyopita: "Joto kali. Mashine inaganda jua likifika katikati. Amri ya 86 nimeipa muda sifuri, nitashusha mwenyewe kwa kidole mpaka fundi aje." Nimezisoma kurasa zote zinazofuata. Fundi hakuja.

Kwa hiyo miaka saba jua limekuwa likizamishwa na kidole changu, nami nikidhani kidole kinaisindikiza tu mashine. Nilikuwa namtazama shangazi. Akivuta pumzi nashusha, akitulia natulia. Jumatatu fundi aliniambia kwa hii mpya nibonyeze tu, mikono niikunje, nikaikunja. Alihamisha kila kilichokuwamo. Sekunde arobaini hazikuwamo.

Ile taa ya dua inayomulika choo, nakumbuka sasa, niliisukuma kwa fagio Jumapili nikiondoa buibui, ili mashine mpya ikute pasafi.

Naomba basi ufute namba 1, 2, na 4 hadi 9. Namba 3 siifuti. Kijani ni kijani.

Jioni nilimchukua shangazi tukarudi ukumbini. Alikaa kitini na mkoba wake mapajani, nikaweka kidole kwenye kiswichi kipya cha kutelezesha. Ni laini kuliko cha zamani, kinakimbia. Mara ya kwanza nilimuua kwa sekunde ishirini na mbili, akanitukana. Mara ya pili thelathini na tano, akasema, "Tena." Mara ya tatu nilisahau kuhesabu. Giza lilipokamilika nilisikia akijipangusa pua, kisha akasema, "Haya. Ijumaa hivyohivyo, na mkono wako usiutoe."

Nililala saa tatu na nusu usiku.